Ken Loach na watu waliopangwa mstari

Siku wageni walipokuja shuleni kwetu, karibu na Voi, tulipangwa mstari tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wa zamu alipita akikagua kucha, na wale waliokuja na viatu wakaambiwa wavivue, waviache darasani. Viatu havikutakiwa kuonekana. Wageni walikuwa wa shirika moja la hisani kutoka ng'ambo, na gari lao lilifika saa tano, mchanga ukiwa umeshaanza kuchoma nyayo. Tukaimba. Nikaitwa mbele, nikapewa sahani ya plastiki ya kijani na madaftari mawili. Mama mmoja wa Kizungu akachutama kando yangu, akanishika bega, tukapigwa picha. Mwalimu alisimama nyuma ya mpiga picha akivuta pembe za mdomo wake kwa vidole ili nami nitabasamu. Nikatabasamu. Picha hiyo sijawahi kuiona.

Sasa naishi Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula. Mmoja wao ni mchimba makaa ya mawe mstaafu aliyezaliwa upande wa Barnsley. Mapafu yake yameharibiwa na vumbi, na pumzi yake naisikia kabla hajafungua mlango. Ni yeye aliyenijulisha Ken Loach, mwongozaji wa filamu wa Kiingereza. Alhamisi moja ya mvua aliniambia niache vyombo, nikae, akaweka filamu iitwayo Kes. Kila baada ya muda mfupi alinyoosha kidole kwenye skrini: huyo anasema kama marehemu kaka yangu, na huyo ni mwalimu wangu mtupu. Nilikuwa nimeishi nchi hii miaka saba, na nusu ya maneno sikuyaelewa. Nililia hata hivyo.

Tangu siku hiyo nimezitafuta filamu za Loach moja baada ya nyingine, na kila nikimaliza moja narudi kwenye mstari ule wa Voi. Sidhani kuna mwongozaji mwingine aliyewatazama kwa uchungu namna hiyo watu waliopangwa mstari wakingoja kupewa kitu, au wakingoja kupigwa, huku aliyekaa upande wa pili wa meza akiamini kabisa kwamba anawatendea wema.

Alizaliwa Nuneaton, Warwickshire, tarehe 17 Juni 1936. Baba yake alikuwa fundi umeme kiwandani. Wakati ule watoto wa Kiingereza walipofika miaka 11 walifanya mtihani mmoja uliowagawa: wachache waliofaulu walienda shule za kuandaliwa kwa chuo kikuu, na wengi waliobaki walipelekwa shule za kuandaliwa kwa kiwanda na mgodi. Sisi tuliokulia chini ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi tunaujua mgawanyo huo bila kuelezwa. Loach alifaulu. Akatumikia jeshi la anga miaka miwili kama sheria ilivyotaka, kisha akaenda Oxford kusomea sheria, na huko akatekwa na michezo ya jukwaani. Sheria hakuifanyia kazi. Akaingia BBC mwaka 1963 kama mwongozaji mwanafunzi.

Wakati huo tamthilia ya televisheni ilikuwa ukumbi wa maonyesho uliowekewa kamera: seti za mbao, taa kali, waigizaji wenye Kiingereza cha matawi ya juu. Loach na mtayarishaji wake, Tony Garnett, waliitoa kamera nje, wakaipeleka barabarani. Usiku wa tarehe 16 Novemba 1966 BBC ikaonyesha Cathy Come Home, iliyoandikwa na Jeremy Sandford, na watu wapatao milioni 12 wakaitazama. Inasimulia habari za mke na mume vijana. Mume anaumia kazini, kodi inawashinda, wanahama kutoka chumba hadi karavani hadi hosteli ya serikali ambako mume haruhusiwi kulala na familia yake. Mwisho Cathy anaketi na watoto wake kwenye kituo cha treni, na maofisa wa ustawi wa jamii wanakuja kumnyang'anya watoto. Waliocheza kama watoto wa Cathy walikuwa watoto wa kuzaa wa mwigizaji mwenyewe, Carol White. Wakivutwa mikononi mwake na watu wasiowajua, kilio chao hakina uigizaji.

Uingereza ilishtuka. Siku chache baadaye shirika la Shelter, la kutetea wasio na makazi, lilizinduliwa. Lilikuwa limeshapangwa kabla, lakini filamu ililitangulia kama mpiga mbiu. Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda familia zisizo na makazi mwaka 1977, miaka 11 baadaye. Ila Loach mwenyewe hakuridhika. Amesema mara nyingi kwamba watu walitoa machozi na pesa, wakarudi kulala, na suala la nani anamiliki ardhi na nani anajenga nyumba kwa faida ya nani likabaki palepale. Nafikiri hapo ndipo alipoanza kuitilia shaka huruma. Si kwamba aliichukia. Alianza kuuliza inaishia wapi.

Kes aliipiga mwaka 1968, Barnsley, kutokana na riwaya ya Barry Hines, mtoto wa huko huko. Billy Casper ana miaka 15, hana baba, kaka yake ni mchimba makaa anayempiga, na shule imeshamhesabu kuwa kapi. Anakamata kinda la kipanga, analifuga na kulifundisha kurukia mkono wake kwa kitabu alichokiiba dukani. Aliyemcheza Billy, David Bradley, alikuwa mwanafunzi wa shule ya Barnsley. Mwalimu wa michezo alichezwa na Brian Glover, mwalimu wa kweli ambaye pia alikuwa mwanamieleka. Mwalimu mkuu naye alikuwa mwalimu mkuu wa kweli. Watu wote wanasema lahaja ya kwao. Inasimuliwa kwamba bosi mmoja wa kampuni ya Kimarekani alisema angeelewa Kihungari vizuri zaidi. Mzee wangu wa Alhamisi hucheka kila nikimkumbusha hilo, halafu hukohoa. Nami huwaza tamthilia zetu, ambamo bibi wa kijijini husema kama msoma taarifa ya habari.

Kuna onyesho moja siwezi kulipita. Wavulana kadhaa wamepangwa mstari nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, wamekamatwa kwa uvutaji sigara na makosa mengine madogo. Anakuja mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, ametumwa na mwalimu wake kuleta ujumbe tu. Wale wakubwa wanamjaza sigara zao mifukoni ili wao wasikutwe nazo. Mlango unafunguliwa. Mwalimu mkuu anahutubia kwa uchungu, analalamika kwamba kizazi hiki hakisikii, na kila yule mtoto akifungua mdomo aeleze alichotumwa, ananyamazishwa. Kisha anawapekua, kisha fimbo. Mikono inatolewa mmoja mmoja. Zamu ya mtoto inafika, naye ananyoosha kiganja, na machozi yanaanza kumdondoka, ujumbe aliotumwa bado uko mdomoni.

Wavulana wale walichapwa kweli mbele ya kamera, bila kuambiwa mapema kwamba fimbo ingetua. Sijui msomaji wangu utalichukuliaje hilo, mimi limenitesa. Nimesoma shule ambazo mstari kama ule ulikuwa wa kila Jumatatu, na najua machozi yale ni ya nini: si maumivu, ni kutosikilizwa. Loach alitaka ukweli huo na akaupata, lakini aliupata kutoka kwenye kiganja cha mtoto. Nampenda mwongozaji huyu kuliko wote, na hata hivyo naamini hapo alivuka mpaka. Mtu anaweza kutetea wanyonge maisha yake yote na bado, asubuhi moja akiwa na kamera mkononi, akamfanya mnyonge kuwa chombo cha kazi yake.

Mwaka uliofuata, 1969, kazi ilimleta Kenya. Save the Children, shirika la hisani la Uingereza la kusaidia watoto, ilikuwa inatimiza miaka 50, na kwa ushirikiano na kituo kimoja cha televisheni cha London ikamwomba Loach na Garnett watengeneze filamu kuhusu kazi zake. Ukiwaza waliomwajiri, walikuwa wanatarajia nini? Labda walikumbuka machozi ya Cathy Come Home na wakaona huyu ndiye mtu wa kuwaletea wafadhili. Loach akapiga picha Uingereza, kisha akaja Nairobi, kwenye shule ya wavulana waliokuwa hawana kwao, iliyoendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Kiingereza. Kenya ilikuwa na umri wa miaka sita tangu uhuru. Na badala ya kuonyesha watoto wanaoshukuru, filamu ikauliza: kwa nini mtoto wa Kiafrika aokolewe ili afanywe nakala ya Mwingereza? Kwa nini watoto wa maskini wa Uingereza wasemwe na wahudumu wao kama mizigo iliyoletwa kusafishwa? Umaskini wenyewe umeletwa na nani?

Shirika lilipoiona likakasirika, likataka iharibiwe. Baada ya mvutano wa kisheria ikakubaliwa kwamba isichomwe, ila iwekwe kwenye hifadhi ya taifa ya filamu na isionyeshwe. Ikakaa humo miaka 40 na zaidi. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2011, London, kwa ridhaa ya shirika lenyewe. Wale wavulana wa Nairobi walioangalia kamera wakiwa na miaka 12 au 13 walikuwa wameshapita miaka hamsini. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliiweka simu chini nikatoka nje. Picha zilikuwapo. Zilikuwa kwenye kabati, London, na waliopigwa hawakuwa na ufunguo.

Mwaka 1971 ajali ya barabarani iliua mtoto wake wa kiume wa miaka mitano na bibi wa mke wake, na mke, Lesley, akaumia vibaya. Loach halizungumzii sana jambo hilo, wala mimi sitaliongezea maneno.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubana. Mwaka 1977 alipewa nishani ya OBE akaikataa. Baadaye alieleza kwamba nishani hiyo imebeba jina la himaya, na himaya ile ni ukumbusho wa unyonyaji na kuteka nchi za watu. Mzaliwa wa nchi iliyotekwa kama mimi hupokea maneno hayo kwa namna yake. Chini ya serikali ya Margaret Thatcher alitengeneza mfululizo kuhusu viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliowageuka wanachama wao, na televisheni ikaukalia. Mgomo wa wachimba makaa wa 1984 na 1985 ulipoanza, akatengeneza filamu kuhusu nyimbo na mashairi ya wagomaji. Kipindi cha sanaa kilichoiagiza kikaikataa, ikaonyeshwa na kituo kingine. Mzee wangu alikuwa kwenye mgomo ule mwaka mzima. Husema wake zao walipika kwenye ukumbi, chakula cha watu wote, na hakuna aliyeuliza nani kachangia nini. Loach naye alikosa kazi hata akafanya matangazo ya biashara, mojawapo la hambaga, ambalo amekiri kwamba bado linamsuta.

Alirudi kwa kishindo miaka ya tisini. Hidden Agenda, Riff-Raff, Raining Stones, kisha Land and Freedom kuhusu vita vya Hispania. Akakutana na Paul Laverty, mwanasheria aliyegeuka mwandishi, na tangu Carla's Song ya 1996 karibu kila filamu kubwa ya Loach imeandikwa na yeye. Kufikia hapo namna yake ya kufanya kazi ilikuwa imekomaa. Anapiga hadithi kwa mpangilio wake, tangu mwanzo hadi mwisho, jambo la gharama ambalo waongozaji wengi hulikwepa. Mwigizaji hapewi muswada wote, anapewa kurasa za kesho, na mara nyingine hazina kila kitu. Kamera inasimama mbali, pembeni, kwa lenzi ndefu, kama mtu aliyekaa barazani anayetazama ya mtaani bila kujiingiza. Kwa hiyo habari mbaya ikija, unayemwona kwenye skrini anaisikia kweli kwa mara ya kwanza.

Kasoro zipo, na shabiki wa kweli anapaswa kuzisema. Mabosi wake wengi ni wa karatasi. Mara nyingine mhusika huacha kuzungumza na mwenzake, akaanza kutuhutubia sisi. Na hupenda kumsukuma mtu wake shimoni hadi chini kabisa, hata pale ambapo tungekuwa tumeshaelewa.

The Wind That Shakes the Barley, kuhusu vita vya uhuru vya Ireland na kaka kuamuru ndugu yake apigwe risasi, ilimpa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2006, na baadhi ya magazeti ya nyumbani yakamwita msaliti wa nchi yake. Ukiitazama ukiwa Mkenya, askari wa Kiingereza wakivamia nyumba za wakulima, hutahitaji manukuu ya chini.

Lakini ile iliyonivunja ni I, Daniel Blake ya 2016, iliyompa Palme d'Or ya pili akiwa na miaka 79. Daniel ni seremala wa Newcastle mwenye maradhi ya moyo. Daktari kamkataza kazi, ofisi ya mafao imesema ni mzima, na hapo ndipo anapoanza kuzungushwa. Anakutana na Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishwa kutoka London kwa kukosa nyumba, na siku moja anamsindikiza kwenye benki ya chakula, mahali wenye shida hupewa chakula bure. Mstari ni mrefu, umezunguka jengo. Ndani, wahudumu ni watu wa kweli wa kituo hicho, wema, wenye sauti za chini. Wanampitisha Katie kwenye rafu, unga, tambi, sabuni. Ghafla anageukia pembeni, anafungua kopo la maharage, anamimina kiganjani, anakula. Mchuzi unamchirizika. Kisha anajishtukia, anaanza kulia kwa aibu, akiomba radhi. Siku zote alizosema ameshakula alikuwa anawaachia wanawe.

Niliitazama peke yangu, baada ya zamu ya usiku, na nikanyanyuka kuwasha taa. Nilikumbuka sahani yangu ya kijani. Hakuna mtu mbaya kwenye chumba kile cha Newcastle, wala hakukuwa na mtu mbaya pale Voi. Yule mama aliyechutama kando yangu alikuwa na mkono wa upole. Ndiyo maana ilinichukua miaka kuelewa kilichoniuma. Loach alikielewa tangu 1969. Mwishoni mwa filamu Katie anasoma maneno aliyoyaandika Daniel, kwamba hakubali wala hatafuti hisani, kwamba yeye ni mtu, si mbwa, ni raia, si zaidi wala pungufu. Anataka haki yake.

Sorry We Missed You ya 2019 niliitazama mara moja tu. Mke wa dereva aliyemo ni mhudumu wa wazee kama mimi, analipwa kwa kila nyumba anayoingia, na muda wa kupanda basi kati ya nyumba na nyumba ni wake mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi kwa kampuni ya namna hiyo. Nilipoona simu yake ikilia akiwa amemshika bibi mmoja mkono, nilijua kilichoandikwa kwenye simu ile.

Ya karibuni ni The Old Oak, ya 2023, mwaka aliotimiza miaka 87. Kijiji cha Durham, mgodi umefungwa zamani, nyumba zinauzwa kwa bei ya kutupa, na basi linaleta familia za wakimbizi wa Syria. Anayecheza mwenye baa, Dave Turner, alikuwa mzimamoto kwa miaka mingi. Chumba cha nyuma cha baa kimefungwa miaka mingi, na ukutani zimebaki picha za mgomo wa 1984: wanawake wenye masufuria, meza ndefu, maneno kwamba wanaokula pamoja hushikamana. Kinafunguliwa, na wenyeji na wageni wanapikiana humo. Hakuna anayepangwa mstari. Ni ujima, na neno hilo nililitafuta kwa Kiingereza nimweleze mzee wangu, nikashindwa, naye akasema anajua ninachomaanisha.

Katika filamu hiyo yumo msichana, Yara, mwenye kamera aliyopewa na baba yake, na kamera hiyo inavunjwa siku ya kwanza kabisa, wakati wanashuka kwenye basi. Inatengenezwa. Anapita mtaani akiwapiga picha watu wa kijiji, akina mama saluni, vijana, wazee mlangoni. Kisha jioni moja wanakusanyika kwenye kile chumba cha nyuma, taa zinazimwa, na Yara anawaonyesha picha zao ukutani, moja baada ya moja, huku mmoja wa Wasyria akipiga ala ya udi. Watu wanajitazama. Wanacheka, wanaitana majina, wanashikana mabega. Mzee wangu aliniomba nirudishe nyuma sehemu hiyo. Tukaitazama tena, na muda wangu wa kuondoka ukapita.